Naim Süleymanoğlu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Jimuni Kwetu Mombasa

Katika jimu yetu ya Majengo tumebandika ukutani picha ya mtu mfupi aliyesimamisha chuma kikubwa juu ya kichwa. Kila mgeni huuliza ni nani huyo, na akishajibiwa huzuka maswali mengine kumi. Hapa tumekusanya yale yanayorudiwa zaidi. Tumeyapa namba ili msomaji aruke hadi anapotaka, na jambo lililoelezwa pahali pamoja haturudii pengine.

## Mtu mwenyewe

1. Naim Süleymanoğlu ni nani?

Ni mnyanyuaji uzani aliyezaliwa Januari 23, 1967 katika kijiji cha Ptichar, kusini mwa Bulgaria, kwenye familia ya Waturuki walioishi nchini humo vizazi na vizazi. Baba yake alikuwa mchimba migodi. Naim alitwaa dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo, Seoul 1988, Barcelona 1992 na Atlanta 1996, zote akiiwakilisha Uturuki. Hakuna mnyanyuaji aliyewahi kufikisha dhahabu tatu kabla yake. Alikuwa pia bingwa wa dunia mara saba, na akaweka rekodi za dunia zaidi ya arobaini. Alifariki Novemba 18, 2017 mjini Istanbul, akiwa na umri wa miaka 50.

Sisi tunamhesabu kuwa mnyanyuaji bora kuliko wote, na sababu zetu ziko katika majibu ya 8, 9 na 12.

2. Ni kweli alikuwa mfupi kiasi hicho?

Ndiyo. Kimo chake kilikuwa mita 1.47. Simama karibu na meza ya jikoni kwenu, upime mwenyewe mita moja na nusu inafika wapi, halafu utoe kidogo. Wazazi wake nao walikuwa wafupi. Magazeti yakambandika jina la Herkule wa mfukoni (Herkule ni shujaa mwenye nguvu wa hadithi za Kigiriki), nalo likamganda maisha yote.

Katika mchezo huu ufupi una faida. Chuma hakina safari ndefu kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa, na mtu mfupi mwenye kilo 60 ana nyama iliyojaa zaidi kwenye mapaja na mgongo kuliko mrefu wa uzito huohuo. Sisi hapa hujiwa na vijana waliokataliwa kwenye mpira wa kikapu na voliboli, wakiwa wameinamisha vichwa. Tunawaonyesha picha ile. Lakini tunawaambia pia kwamba wafupi ni wengi duniani na Naim alikuwa mmoja. Kilichomtofautisha ni kasi ya kuingia chini ya chuma, na hiyo hujengwa kwa mazoezi ya miaka.

3. Mbona orodha za mabingwa zina majina matatu tofauti ya mtu mmoja?

Kwa sababu serikali ilimnyang'anya jina lake.

Alizaliwa akiitwa Naim Süleymanoğlu kwa Kituruki, na kwenye karatasi za Bulgaria akaandikwa Naim Suleimanov. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1984, utawala wa Kikomunisti wa Todor Zhivkov uliamua kuwa nchini humo hakuna Waturuki, wapo Wabulgaria tu. Waturuki mamia kwa mamia ya maelfu walilazimishwa kuchukua majina ya Kislavoni. Askari na maafisa walizunguka vijijini na fomu. Asiyetia sahihi alipigwa, alifungwa, au alikosa mshahara na shule ya watoto. Kusema Kituruki hadharani kulipigwa marufuku.

Naim, aliyekuwa tayari fahari ya nchi, hakuachwa. Aliandikwa Naum Shalamanov, na kwa jina hilo akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986. Fikiria mtu anasimama juu kabisa ya jukwaa, dunia inampigia makofi, na anayetangazwa si yeye. Hapa Pwani mtu hutajwa kwa jina lake, la baba na la babu, na ukoo wake ukajulikana. Ndiyo maana mzee yeyote akisikia kisa hiki huelewa upesi kwa nini kijana yule aliamua kukimbia.

4. Alikuwa Mwislamu?

Alitoka katika jamii ya Waturuki Waislamu wa Bulgaria, na alizikwa kwa taratibu za Kiislamu mjini Istanbul. Kampeni iliyoelezwa katika jibu la 3 iligusa dini moja kwa moja: misikiti ilifungwa, na tohara ya wavulana ikakatazwa.

5. Alitorokaje?

Desemba 1986 timu ya Bulgaria ilikuwa Melbourne, Australia, kwa fainali ya Kombe la Dunia la kunyanyua uzani. Wanamichezo kutoka nchi za Kikomunisti hawakusafiri bila watu wa kuwachunga. Mashindano yalipokwisha kulikuwa na karamu. Naim aliponyoka pale, akachukuliwa na Waturuki waishio Australia, wakamficha siku kadhaa, kisha akajitokeza kwenye ubalozi wa Uturuki kuomba hifadhi. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Alisafirishwa hadi London, na huko Waziri Mkuu wa Uturuki, Turgut Özal, akamtumia ndege yake. Alipotua Ankara alipiga magoti, akaibusu ardhi. Wazazi na ndugu zake walikuwa bado Bulgaria, na hilo ndilo tungependa vijana walipime vizuri. Hakuwa na hakika kama angewaona tena. Waliruhusiwa kumfuata baada ya Olimpiki ya Seoul.

6. Watu husema Uturuki ilimnunua. Ni kweli?

Pesa zililipwa, lakini hazikumnunua yeye. Kanuni zilimtaka mwanamichezo aliyehama nchi asubiri miaka kadhaa kabla ya kushiriki Olimpiki, isipokuwa nchi aliyotoka itoe idhini. Ili Bulgaria ikubali asishike foleni hiyo, Uturuki ililipa zaidi ya dola milioni moja. Naim alikuwa ameshahama kwa miguu yake. Kilicholipiwa ni sahihi ya waliombadilisha jina.

## Jukwaani

7. Kabla hatujaendelea, snachi na klini-na-jeki ni nini?

Ni minyanyuo miwili ya Olimpiki. Snachi: chuma kinatoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, mikono imeshika mbali kwa mbali, na mnyanyuaji anakipokea akiwa amechuchumaa kabisa kabla ya kuinuka nacho. Klini-na-jeki ina hatua mbili: kwanza chuma kinapandishwa hadi mabegani, kisha kinasukumwa juu kwa nguvu za miguu huku mguu mmoja ukitangulia mbele na mwingine ukirudi nyuma.

Kila mmoja hupewa majaribio matatu ya snachi na matatu ya klini-na-jeki. Kilo za jaribio bora la kila upande hujumlishwa. Waamuzi ni watatu, na taa mbili nyeupe zinatosha kukubali mnyanyuo. Ukikosa snachi zote tatu, huna jumla, na umetoka. Likumbuke hilo ukifika jibu la 13.

Zamani kulikuwa na mnyanyuo wa tatu, wa kusukuma kwa mikono, ukaondolewa baada ya Olimpiki ya 1972 kwa sababu waamuzi walishindwa kuudhibiti: watu walikuwa wakipinda migongo hadi karibu walale.

8. Seoul 1988 ilikuwaje?

Wakenya wa rika fulani wanaikumbuka Seoul kwa Robert Wangila aliyetwaa dhahabu ya ngumi, na kwa Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki waliotwaa za mbio. Katika michezo hiyohiyo, Septemba 20, Naim alipanda jukwaani katika uzani wa kilo 60, yaani daraja la washindani ambao miili yao haizidi kilo hizo.

Snachi, kilo 152.5. Klini-na-jeki, kilo 190. Jumla 342.5, zote rekodi za dunia. Wa pili alikuwa Stefan Topurov wa Bulgaria, mwenzake wa zamani kwenye timu, kwa kilo 312.5. Tofauti ya kilo 30 katika mchezo ambao wakati ule medali ziliamuliwa kwa kilo mbili na nusu! Tena Topurov hakuwa mtu wa kubahatisha: mwaka 1983 yeye ndiye aliyekuwa binadamu wa kwanza kupandisha klini-na-jeki mara tatu ya uzito wa mwili wake.

Kuna jambo lingine tunalolirudia mpaka tunachosha watu. Mshindi wa uzani wa juu yake, kilo 67.5, alimaliza na jumla ya kilo 340. Naim angeweza kuingia mashindano ya watu waliomzidi kilo saba na nusu na akaondoka na dhahabu yao.

9. Kilo 190 ni nyingi kiasi gani kwa mtu wa kawaida?

Nenda Kongowea asubuhi uwaangalie mahamali wakishusha mahindi. Gunia moja la kilo 90 humtosha mwanamume mwenye kifua, tena analibeba mgongoni na wenzake wamemtwika. Chukua magunia mawili ya namna hiyo, ongeza kilo kumi, halafu yainue peke yako kutoka chini hadi juu ya kichwa, mikono imenyooka, usimame tuli mpaka mwamuzi akuruhusu kuyashusha. Aliyefanya hivyo alikuwa na uzito wa kilo 60. Ni mara tatu ya mwili wake na kilo kumi za ziada.

10. Kwa nini hakwenda Los Angeles 1984, ilhali alikuwa tayari ana rekodi za dunia?

Bulgaria iliufuata Umoja wa Kisovieti katika kuisusia michezo ile. Naim alikuwa ameshaweka rekodi ya dunia ya watu wazima mwaka 1983, akiwa kijana wa umri wa shule, na kwa hesabu yetu dhahabu ya Los Angeles ingekuwa yake. Wanariadha wetu wanayajua machungu hayo. Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980, na wapo waliokuwa kwenye kilele chao miaka hiyo wasipate nafasi nyingine.

11. Na Barcelona?

Alikuwa amestaafu baada ya ubingwa wa dunia wa 1989, akiwa na miaka 22, akarejea 1991. Barcelona alishinda kwa jumla ya kilo 320, akimwacha Nikolay Peshalov wa Bulgaria kwa kilo 15. Kilo zilikuwa chini ya zile za Seoul na ushindani haukuwa mkali. Hatuna mengi ya kusema juu yake.

12. Kwa nini nyinyi wa jimuni mnapenda kuizungumzia Atlanta 1996?

Kwa sababu Atlanta alipata mtu wa kumtoa jasho.

Uzani ulikuwa kilo 64. Naim alikuwa na miaka 29, na mbele yake kulikuwa na Valerios Leonidis wa Ugiriki. Uturuki na Ugiriki zina uhasama wa siku nyingi, na mashabiki wa pande zote mbili walijaa ukumbini na bendera zao. Snachi zilipokwisha Naim alikuwa na 147.5, Leonidis 145.

Klini-na-jeki ikawa kama mnada. Naim akanyanyua 185, rekodi ya dunia. Leonidis akajibu kwa 187.5, akaichukua rekodi. Naim akarudi, akanyanyua 187.5 hiyohiyo, jumla 335. Leonidis akabakiwa na jaribio moja, akaomba 190. Chuma kilimshinda. Alimaliza na 332.5.

Ukipata kanda ya siku ile usitazame vyuma peke yake. Tazama nyuso za hao wawili kila mmoja anaposubiri zamu ya mwenzake: hakuna anayetoa maneno ya kejeli, hakuna anayejipiga kifua. Na mwaka 2017 Leonidis alisafiri hadi Istanbul kumzika Naim. Kwa vijana wetu wanaotukanana kwa sababu ya timu za Uingereza wasizowahi kuzikanyagia uwanja, hili tunalisisitiza kwa dhati.

13. Sydney 2000 alishindwa na nani?

Na chuma. Alirejea tena akitaka dhahabu ya nne, katika uzani wa kilo 62, akaanza snachi kwa kilo 145. Akaikosa mara tatu, hivyo hakuwa na jumla (rudi jibu la 7). Dhahabu ilikwenda kwa Nikolay Peshalov, yule aliyeshindwa na Naim Barcelona, ambaye naye kufikia hapo alikuwa amehama Bulgaria na kuiwakilisha Kroatia.

Makocha wengi wangempangia aanze chini, apate jumla kwanza. Sisi hatumlaumu. Mtu aliyezoea kuanza pale ambapo wenzake wanamalizia hakwenda Sydney kutafuta nafasi ya tano.

14. Alitumia dawa?

Hakuwahi kukutwa na dawa katika kipimo chochote. Huo ndio ukweli ulio kwenye kumbukumbu, na hatuna ruhusa ya kuongeza uvumi juu yake. Lakini ni haki pia kusema zama zilikuwaje. Huko Seoul, Wabulgaria wawili waliokwisha kutwaa dhahabu, Mitko Grablev na Angel Genchev, walinyang'anywa kwa kukutwa na furosemidi, dawa ya kukojosha ambayo hupunguza uzito na kuficha dawa nyingine. Timu nzima ya Bulgaria ikafunga virago. Dhahabu ya kilo 67.5 tuliyoitaja katika jibu la 8 ilikwenda kwa Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki baada ya Genchev kuondolewa.

15. Alikufa kwa nini akiwa mtu wa miaka 50 tu?

Ini lake liliharibika kwa ugonjwa wa sirosisi. Alipandikizwa ini jipya Oktoba 2017, lakini hali ikazidi kuwa mbaya na akafariki mwezi uliofuata. Alikuwa pia mvutaji sigara, hata katika miaka ya mashindano. Wapo vijana wanaoitumia habari hiyo kutetea pakiti zao. Aliyekufa na miaka 50 si hoja ya kuvutia sigara.

## Kwa wanaofanya mazoezi hapa kwetu

16. Naweza kufuata mazoezi yake?

Hapana, usijaribu. Naim alilelewa katika mfumo wa kocha Ivan Abadzhiev: vipindi kadhaa kwa siku, minyanyuo michache inayorudiwa, snachi, klini-na-jeki na kuchuchumaa na chuma kifuani, na karibu kila siku unafika kwenye kilo za mwisho unazoziweza. Waliozoeshwa hivyo walichaguliwa wakiwa watoto, wakalishwa na serikali, wakalala kati ya kipindi na kipindi, na hawakuwa na kazi nyingine. Walioumia waliondolewa, nafasi zao zikajazwa. Sisi tunaona mabingwa tu kwa sababu waliovunjika hawakupigwa picha.

Wewe umetoka kupakua shehena bandarini au kuendesha bodaboda tangu alfajiri. Mara tatu kwa wiki inatosha. Miezi ya mwanzo shika fimbo ya ufagio au chuma kitupu, ujifunze njia: chuma kipite karibu na mapaja, viwiko visikunjike mapema, miguu ikanyage sakafu nzima. Pleti, zile sahani za uzito, zitakuja.

17. Hatuna vyuma vya kisasa. Ekseli ya gari na saruji iliyokaushwa ndani ya mikebe zinafaa?

Kwa kuchuchumaa na kuvuta, ndiyo. Kwa snachi na klini-na-jeki, kuna hatari mbili. Chuma cha mashindano kina uzito wa kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, na ncha zake huzunguka zenyewe, hivyo pleti hazivivuti vifundo vya mikono chuma kinapogeuka mabegani. Ekseli haizunguki, mzigo wote wa mgeuko unaishia mkononi mwako. Hatari ya pili ni saruji: ukiiachia kutoka juu inapasuka, na kipande chake hakichagui mguu wa kuangukia. Jifunzieni njia kwenye ekseli nyepesi, na kilo kubwa mwende mkazinyanyulie penye vyuma halisi.

Halafu kuna hewa yetu ya chumvi. Chuma kikilala Mombasa wiki mbili bila kuguswa, kutu ishaanza. Kisugue kwa brashi ya waya, kipanguse jasho kila baada ya mazoezi, na mafuta yapake kwenye ncha zinazozunguka peke yake. Ukiyapaka unaposhika, chuma kitakuponyoka.

18. Ramadhani tufanyeje?

Msiache. Punguzeni. Wengi wetu hunyanyua baada ya tarawehe, tumbo limeshatulia na maji yameingia. Anayetaka kabla ya futari afanye mbinu tu, kilo nyepesi, saa ya mwisho kabla ya magharibi. Kilo za mwisho mchana wa joto la Mombasa bila maji, hata asiyefunga tunamkataza.

19. Mtoto wangu ana miaka kumi na mitatu. Atadumaa? Na wasichana je?

Kunyanyua hakudumazi mtoto anayefundishwa vizuri. Naim hakuwa mfupi kwa sababu ya chuma. Tazama jibu la 2 kuhusu wazazi wake. Mashindano ya kimataifa ya vijana huanza na umri wa miaka 13. Kinachomuumiza mtoto ni kilo za kujionyesha mbele ya wenzake, kwa hiyo mlete kwa kocha, usimwache na kaka zake.

Wasichana wanakaribishwa. Wanawake walianza kunyanyua kwenye Olimpiki mwaka 2000, Sydney.

## Maswali ya waliokwisha kolea

20. Rekodi yake ya kilo 190 bado ipo?

Ipo, ila imefungiwa. Mwaka 1993 shirikisho la kimataifa lilibadilisha madaraja ya uzani, na daraja la kilo 60 likatoweka pamoja na rekodi zake. Daraja la kilo 60 lilirudishwa mwaka 2025, ila rekodi zake zilianza kuhesabiwa upya, kwa hiyo ile ya zamani hakuna wa kuivunja.

21. Wako wengine wenye dhahabu tatu. Mbona mnamweka Naim mbele?

Wako: Pyrros Dimas na Akakios Kakhiashvili wa Ugiriki, na Halil Mutlu wa Uturuki, ambaye naye alizaliwa Bulgaria katika jamii ileile. Baadaye Lü Xiaojun wa China na Lasha Talakhadze wa Georgia. Tunawaheshimu wote. Hoja yetu ni uwiano wa kilo na mwili. Kilo 152.5 za snachi ni zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito wake, na alizinyanyua siku moja na zile 190.

22. Leonidis angeinua ile 190 Atlanta, nani angeshinda?

Fanya hesabu: 145 na 190 ni 335, sawa na Naim. Kwa kanuni ya wakati ule, wawili wakilingana jumla ilitazamwa mizani ya kupimia miili kabla ya mashindano, na mwepesi ndiye aliyeshinda. Ndiyo sababu wanyanyuaji wa zama zile walikaa na kiu siku ya mashindano, wakitema mate ndani ya chupa ili wapunguze hata gramu mia. Siku hizi mizani haiamui tena. Anayeifikia jumla hiyo kwanza ndiye anayewekwa juu.